Bwana Tishu na Waya wa Pampu

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka fundi mitambo wa zamani wa redio hii, aliyefariki Jumanne baada ya kuugua ini. Hapa kazini tulimwita Bwana Tishu. Mtajua kwa nini.

Nimepewa karatasi ya kuwasomea. Imeandikwa na Mkuu wetu wa Vipindi. Inasema marehemu alikuwa "nguzo imara" na pengo lake "halitazibika". Nguzo imara! Nguzo hiyo aliing'oa Mkuu mwenyewe miaka sita iliyopita, akaitupa nje ya geti pamoja na begi lake la bisibisi. Karatasi yake nimeiwekea glasi ya maji juu. Imepata kazi.

Dada mkubwa wa marehemu ameniambia hivi: "Huyu hakuwa na haraka hata ya kuzaliwa. Alimsumbua mama siku mbili nzima." Na kweli, Bwana Tishu hakuwa na haraka. Alipoajiriwa hapa alikuta kompyuta ya studio ina feni tatu. Joto likipanda zinakimbia, mvumo unaingia kwenye maikrofoni, nanyi mnausikia huko nyumbani. Akasema ataunda kompyuta yake mwenyewe, inayopozwa kwa maji. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Bwana mmoja wa matangazo akamuuliza kama atatia na sabuni.

Akanunua kipande kimoja kimoja. Mabomba laini, kopo la maji, na pampu ya ukubwa wa ngumi. Lakini kilichomkosesha usingizi ni umeme wa pampu hiyo. Alinieleza mara kumi, nami nawaeleza: "Kwenye bodi kubwa ya kompyuta kuna soketi ndogo ya feni. Plagi ya pampu inaingia pale vizuri, ndiyo maana watu wanadanganyika. Lakini pampu yangu inakula umeme kuliko feni. Soketi ile haiiwezi. Ipe waya wake mnene, moja kwa moja kutoka kwenye pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta." Waya mnene, kutoka kwenye pawasaplai. Shikeni hilo.

Kabla ya kuwasha kompyuta, aliwasha pampu peke yake. Alikunja kibanio cha karatasi, akakiunganisha kwenye plagi ya pawasaplai ili ijiwashe peke yake, maji yakazunguka huku kompyuta yenyewe imelala. Chini ya kila kiungo cha bomba akatandika tishu. Halafu akavuta kiti, akakaa kutwa nzima akizitazama tishu. Kutwa nzima, jamani! Tishu zikabaki kavu. Ndipo akawasha. Studio ikawa kimya hadi nikasikia saa yangu ya mkononi, na kwa miaka miwili ikabaki hivyo.

Sasa nije kwa Mkuu wa Vipindi, bwana anayebadilisha tai mara mbili kwa siku na hajawahi kubadilisha balbu. Walikuwa wanakuja wafadhili kutembelea studio. Akauona ule waya mnene umetokeza nje ya kasha la kompyuta. "Unaning'inia kama utumbo," akasema. Bwana Tishu alikuwa likizo, anamuuguza mama yake. Mkuu hakumpigia hata simu. Akafungua kasha, akauchomoa waya, akaichomeka pampu kwenye soketi ya feni. "Si hiyo imeingia? Hawa mafundi wanapenda kujifanya kazi yao ngumu."

Mnauliza nimejuaje. Nilikuwepo. Nilimmulikia tochi. Nilielezwa mara kumi kuhusu ule waya, na nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nakitaka kipindi hiki na yeye ndiye aliyekuwa anakigawa. Kama mnamdharau Mkuu, nami nibakizieni sehemu yangu.

Siku ya tatu soketi iliungua. Pampu ikasimama. Kompyuta ikazimika katikati ya taarifa ya habari, nanyi mkakaa dakika kumi na moja bila sauti. Ripoti ikasema: uzembe wa fundi. Bwana Tishu akarudi, akafungua kasha, akatazama ndani kwa muda mrefu. Akaniuliza, "Nani alichomoa waya?"

Nikamjibu, "Sijui, kaka."

Akafukuzwa. Kila redio aliyokwenda kuomba kazi walikuwa wameshasikia: ndiye yule aliyechoma studio. Amekufa anatengeneza chaja za simu kibandani.

Juzi nilikwenda kumpa pole mjane wake. Nikaanza maneno yangu matamu. Akanikatiza: "Shemeji, usinipambie mume wangu. Amekufa anaitwa mchoma studio. Kesho kutwa ukiwa hewani, sema nani alichomoa waya." Kisha akaenda chumbani, akarudi na tochi. Tochi yangu. Siku ile niliisahau ndani ya kasha la kompyuta, na Bwana Tishu aliikuta kabla hajaniuliza lile swali.

"Alisema utaifuata mwenyewe," mjane akaniambia. "Betri alikuwa anabadilisha."

Nimeibonyeza sasa hivi. Inawaka.

Basi nasema. Waya aliuchomoa Mkuu wa Vipindi. Tochi niliishika mimi. Fundi hakuchoma kitu. Narudia: fundi hakuchoma kitu. Mkuu yuko nyuma ya kioo sasa, anapitisha kidole shingoni, nikate. Tai ya leo ni ya bluu.

Kwa mjane, kwa watoto, kwa dada yake: poleni sana. Mungu ampumzishe. Sitawaomba mnisamehe kwa njia ya redio, nitakuja nyumbani. Na wewe unayenisikiliza, kama kuna mtu alibebeshwa kosa nawe ulikuwa umeshika tochi, mfuate angali hai. Mimi nimechelewa.

La mwisho. Kwa miaka sita mmekuwa mkituandikia kwamba kuna mvumo nyuma ya sauti yangu, nami nimekuwa nikiwajibu mrekebishe redio zenu. Redio zenu ni nzima. Ni zile feni tatu, zilirudishwa alipofukuzwa. Nitanyamaza kidogo, mzisikie.