Bunduki ya Kwanza ya Aili

Mbele ya duka la vyuma la Bi Tyyne Ranta, kwenye kona ya mji wa Halkola, kuna benchi ambalo haliingizwi ndani mpaka theluji iguse makalio ya wanaoketi. Ndiyo sheria. Tarehe kumi na tatu Novemba mwaka huu theluji ilikuwa bado iko kwenye vifundo vya miguu, kwa hiyo wazee walikuwa nje, chini ya upenu, migongo ukutani. Birika la kahawa lilikaa juu ya ndoo ya misumari iliyopinduliwa, na mkate wa iliki ulikatwa kwa kisu kilekile cha kuchunia wanyama. Upande wa kulia alikaa Eino Pelkola, anayeitwa Mizinga kwa kupenda silaha kubwa kuliko mwili wake. Kushoto alikaa Clarence Trevarrow, anayeitwa Bwana Bure, kwa sababu hajawahi kukutwa akilipia kitu. Katikati yao alibanwa Arvo Niskala, Mzee Posta, aliyegawa barua za Halkola miaka thelathini na mmoja, na ambaye asubuhi hiyo hakuwa na raha hata kidogo.

Arvo alikuwa na mjukuu mmoja, Aili, wa miaka kumi na minne. Binti amefaulu kozi ya usalama wa bunduki, na cheti chake kiko kwenye mlango wa friji, juu kabisa. Msimu wa kulungu unafunguliwa kesho kutwa, na shule zimefungwa siku hiyo kama kila mwaka. Baba yake yuko kwenye meli ya madini mpaka Januari. Mama yake, Sirkka, ni binti wa Arvo. Huyo hajakanyaga msituni tangu akiwa na miaka kumi na mitatu, siku ambayo Arvo alimkabidhi bunduki yake kubwa, ikapiga teke, darubini iliyofungwa juu yake ikamrudi na kumpasua juu ya jicho. Jana jikoni Sirkka alimpa baba yake dola mia tatu na hamsini na maneno machache.

"Baba, ninaye huyu mmoja tu. Mnunulie inayomfaa. Ukimrudisha kama ulivyonirudisha mimi, msituni haendi tena, wala usije kuniomba."

Fedha zilikuwa mfukoni. Maneno yalikuwa yamemkaa kooni tangu jana, na kahawa haikuyashusha.

— Mtoto ana kilo ngapi? — Eino aliuliza, donge la sukari limebanwa katikati ya meno.

— Arobaini na tatu, — Arvo alisema. — Pamoja na viatu.

— Basi maliza mjadala. Mnunulie bunduki ya thelathini-sita, kama yangu. Kulungu akisikia jina lake tu anaandika wosia.

— Na mtoto je?

— Mtoto atakua! Kwani viatu humnunulii vikubwa? Samaki mkunje angali mbichi, bwana.

— Mizinga, hiyo bunduki ndiyo itakayomkunja yeye, — Trevarrow alisema. — Msikilize mwenye akili, Posta. Mimi ninayo shotgani ya marehemu mjomba. Mtutu mmoja. Kitako kimefungwa waya, lakini ni waya mzuri. Dola arobaini, bei ya ndugu.

Arvo aligeuka akamtazama.

— Si ndiyo ile iliyojifyatua kwenye mlango wa bafu la sauna?

— Ilikohoa tu. Mara moja. Na tulikuwa wengi pale, hakuumia mtu. Penye wengi hapaharibiki neno.

— Paliharibika mlango, — Eino alisema.

— Mlango ulikuwa mbovu tangu zamani!

— Ulikuwa wangu, na nilikuwa nimeununua juzi!

Bi Tyyne alitoka dukani na bunduki mbili, moja kila mkono. Alizifungua zote kuonyesha matumbo matupu, akaziweka juu ya gunia la mbegu za ndege. Mwanamke huyu huuza misumari, risasi, chambo na ushauri, na ni ushauri pekee ambao hautozi.

— Arvo, sina siku nzima. Hii kubwa ni thelathini-sita, imeshushwa bei, mia tatu na arobaini. Hii ndogo ni mbili-arobaini-na-tatu, imetumika misimu miwili. Kitako kimepunguzwa, nyepesi, teke lake la mwanambuzi. Mia tatu na ishirini, na darubini yake juu.

— Hiyo ndogo ni ya kutolea nta sikioni, — Eino alisema.

— Inaua kulungu, Eino. Ukilenga. Najua hapo kwenye kulenga ndipo tunapoachana na wewe.

Trevarrow alicheka mpaka mkate ukamkwama. Arvo hakucheka. Alitoa mfukoni kipande cha uzi wa kufumia, chekundu, chenye fundo kila upande.

— Hicho nini tena? — Eino aliuliza.

— Mkono wa Aili. Kuanzia kwenye kiwiko mpaka kwenye pingili ya kidole cha kufyatulia. Nilimpima asubuhi akila uji. Alidhani nataka kumfumia sweta.

— Mzee Posta fundi cherehani! — Trevarrow alipiga paja. — Mpime na kulungu basi, akija!

Arvo aliwaacha wacheke. Aliuweka uzi kwenye ile bunduki kubwa, fundo moja kwenye kitako. Fundo la pili liliishia hewani, vidole viwili kabla ya kufika penye kifyatulio. Akaupeleka kwenye ndogo. Fundo lilitua pale pale.

— Inamtosha, — alisema.

— Inamtosha leo! — Eino alisimama, maana hoja zake kubwa hazitoki akiwa ameketi. — Nikwambie jambo, Arvo, ambalo watu wa mjini wanalificha. Kulungu wa sasa si wale tuliokua nao. Hawa wanakula matufaha ya watu. Wanakula karoti za kununua dukani, watu wanawamwagia magunia mazima. Ngozi imekuwa nene kama godoro. Hako kabunduki risasi yake itagonga na kuanguka, kulungu aiokote akurudishie.

— Mwaka jana ulikosa wanne, — Trevarrow alisema. — Huo unene uliupima na nini?

— Waliinama!

— Wote wanne?

— Walikuwa ukoo mmoja! Na teke la bunduki mnalikuza bure. Teke lina dawa. Unamwegemeza mtoto kwenye mti mnene. Teke linakuja, linakuta mti, linakosa pa kwenda, linarudi kwenye bunduki. Hata risasi inaongezeka mbio.

— Katikati ya mti na bunduki kuna nini, Eino? — Bi Tyyne aliuliza.

— Kuna... kuna koti.

— Kuna mtoto.

— Mwenye koti!

Trevarrow alijimiminia kahawa, akanywa kwenye kisosi kwa kelele, akapangusa masharubu. Arvo alijua kinachokuja. Bwana Bure akipangusa masharubu, amepata njia ya kutotoa fedha.

— Nyote mnakosea. Bunduki ya nini? Lori langu limeua kulungu watatu tangu Agosti bila risasi hata moja. Eino na mizinga yake, sifuri. Mfundishe mtoto kuendesha lori jioni kwenye barabara ya kiwanda cha mbao. Nyama anapata, na udereva anaupata. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

— Na taa za lori? — Arvo aliuliza.

— Zinalipwa na bima.

— Wewe una bima?

— Ndiyo maana naendesha taratibu.

Walicheka wote, hata Bi Tyyne, na hapo ndipo Eino alipoketi, akamwekea Arvo mkono begani. Sauti yake ilishuka, na ilikuwa na hatari zaidi ilipokuwa ndogo.

— Sikia, mwenzangu. Utani pembeni. Kesho kutwa jioni watu wote watasimama hapa. Kila mtu na kulungu wake. Mjukuu wa Arvo Niskala atashuka garini na hako kajiti, mkono mtupu. Nani atachekwa? Yeye au wewe?

Arvo alijua kwamba Eino anasema kweli. Alizitazama bunduki mbili juu ya gunia. Alikwisha kuupima mkono wa mtoto. Sasa alijikuta anapima macho ya watu kesho kutwa jioni. Risasi kubwa huangusha hata ukilenga vibaya kidogo. Na Aili ana moyo, si kama mtoto mwingine. Labda kwa koti nene. Labda kwa mto mdogo begani. Mkono wake ulianza kwenda kwenye ile kubwa, polepole, kama mkono wa mtu anayeiba andazi lake mwenyewe.

Gari la mikate lilisimama. Alishuka mwanamke aliyevaa kofia ya pamba iliyoziba mpaka nyusi, kreti mikononi. Lilikuwa juma lake la kwanza kwenye njia hiyo. Jina lake, Nadine, lilikuwa limeshonwa kifuani.

— Habari za hapa, wazee.

— Njema mama, karibu kahawa! — Trevarrow alisema, maana kahawa haikuwa yake.

Bi Tyyne alipokea kreti, akammiminia kikombe. Birika lilikoroma mwishoni, likatoa machicha. Nadine alishika kikombe kwa mikono miwili, akainua macho juu ya vichwa vyao.

— Samahani kuuliza. Hivi vitambaa vyote mlivyovigongomea ukutani ni vya nini?

Wazee walichangamka kama kuku walioona punje. Hakuna mtu aliyewauliza jambo hilo miaka mingi.

— Hiyo ni mikia ya mashati, mama! — Eino alisema. — Ukimfyatulia risasi kulungu ukamkosa, unaletwa hapa, unasimamishwa mbele ya watu, unakatwa mkia wa shati, lile pindo la nyuma. Jina, mwaka, msumari. Mkasi wake ule pale kwenye kigingi. Haukati kitu kingine.

— Safu yote hiyo ya juu ni Mizinga, — Trevarrow alisema. — Kumi na saba. Anataka kushona shuka.

Nadine alicheka vizuri, bila dharau.

— Na hivi vidogo vya chini?

— Watoto wetu! Kila mtoto na siku yake ya kwanza. Huyu ni Kalevi wangu, alijificha garini, ikabidi tumvute kwa miguu! Huyu Mabel wa Trevarrow, alilia mpaka kamasi zikaganda. Na huyu, — Eino alinyoosha kidole juu ya bega la Arvo, — Sirkka wa Posta. Doa hilo ni damu, darubini ilimpasua. Arvo alimkata mkia hata plasta haijaja! Siku hiyo tulicheka, jamani, tulicheka!

Arvo hakuwa na haja ya kugeuka. Miaka yote hiyo alikuwa ameilaumu bunduki. Alikwisha kuiuza kwa hasira, tena kwa hasara. Alikuwa amesahau kwamba mkasi wa siku ile ulikuwa mkononi mwake mwenyewe, na kwamba mtoto, damu ikimshuka shavuni, alikuwa akimtazama yeye tu katika watu wote wale.

— Wanapendeza, — Nadine alisema. Aliwahesabu kwa kidole, mmoja mmoja, mpaka saba. — Na siku hizi wanawindia wapi?

Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza njia ya kwenda posta. Alinywa kahawa yake, akingoja.

Eino alitazama ndani ya kikombe. Trevarrow alianza kupangusa masharubu, akaacha katikati. Arvo sasa aligeuka, kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, akausoma ukuta. Mikia ya Eino ilikuwa kumi na saba. Wa kila mtoto ulikuwa mmoja tu, wa siku ya kwanza; hakuna aliyerudi kwa wa pili.

Nadine alidhani amewachosha.

— Basi asanteni kwa kahawa, wazee. Mikate ni kumi na minne, Bi Tyyne. Tutaonana Ijumaa.

Gari liliondoka. Kijiwe kilibaki kimekaa kama watu waliopigiwa simu ya msiba.

— Nifungie ile ndogo, Tyyne, — Arvo alisema. — Na pakiti mbili za risasi. Moja ni ya kupigia makopo kesho, apige mpaka achoke.

Bi Tyyne aliingia, akatoka na bunduki kwenye mfuko wake. Arvo alilipa. Eino alikohoa, akajaribu kucheka, kicheko hakikushika.

— Na akikosa kesho kutwa, Posta? Maana kukosa kupo.

— Kupo sana. Muulize mwenye kumi na saba.

Arvo alisimama, magoti yakalia. Alipita mbele ya kigingi, akautoa mkasi, akautia mfuko wa ndani wa koti, akafunga vifungo vyote, mpaka cha shingoni.

— Wewe! Huo mkasi ni wa kijiwe! — Trevarrow aliruka. — Upo hapa tangu enzi za baba zetu!

— Najua.

— Utaurudisha lini?

— Desemba.

— Desemba msimu umekwisha!

— Ndiyo, — Arvo alisema, akaelekea kwenye gari lake, bunduki mkono mmoja na ule mwingine ameushikilia kifuani kama mtu mwenye kichomi. Shule ilikuwa inatoka saa tisa. Muda ulikuwepo bado, lakini alitaka kuwahi kabla ya basi.

Walimtazama mpaka alipokata kona. Eino aliinua birika, akalitikisa sikioni.

— Tyyne, ongeza kahawa, mama.

— Imekwisha, — Bi Tyyne alisema. Alikuwa bado anaitazama mikia midogo. — Halafu yule mama hamkumjibu.