Korido Moja Tu

Basi letu lilipotoka Kapolowe, mama na binti waliokaa nyuma yangu walikuwa tayari wamejenga nyumba nzima ndani ya simu. "Mama, ona! Architecte amenitumia plan! Salon hii, cuisine ya kupikia hii, na chumba yako njo hii, mbele ya yetu. Korido moja tu!" Binti akapiga makofi, nami nikaanza kuipenda nyumba ya watu.

"Korido moja?" mama akauliza. "Germaine, mukwe wangu akitoka kuoga ku douche, serviette ku kiuno tu, miye nitapita wapi? Kwetu mukwe na mama mukwe habapite njia moja."

"Mama, ile desturi tuliacha ku Kasai! Utamuambia bonjour, utapita. Bwana yangu François mwenyewe njo alichagua hii plan!"

"Weye uliacha. Yeye aliacha?"

"Zamani!"

Basi likasimama Likasi. François alikuwa amekaa mbele na dereva safari nzima, ingawa pembeni ya mke wake palikuwa na kiti kitupu. Akashuka, akamwona mama mkwe mlangoni, akainamisha kichwa, akazunguka gari zima ili apokee mizigo kwa dirisha la nyuma.

Mama akamgusa binti bega. "Ona, anatafuta korido yake."