Boliti Nne za Propela

Fundi: Haloo? Haloo, ni nani?

Mama: Nani tena! Ni bingwa wa injini mtaa mzima, anayejua gari bovu kwa sikio tu, bila kulitazama!

Fundi: Shikamoo, mama.

Mama: Marahaba. Sikio lenyewe moja, la kushoto. La kulia lilishastaafu. Lakini hilo moja linakusikia umekalia kile kiti chako ulichokichomoa kwenye gari bovu. Kinalia kama paka aliyebanwa na mlango.

Fundi: Nimepumzika kidogo. Nimemaliza kazi kubwa, mama. Gari la daktari wa meno limetoka leo—

Mama: Ndilo lililonipigisha simu. Limepita hapa.

Fundi: Hapo? [mtandao unakwaruza] —saa ngapi?

Mama: Sasa hivi, vumbi bado halijatua. Alitaka nione viti nilivyomshonea vinavyopendeza. Mwanangu, gari lile! Jekundu, tumbo chini kama mjusi. Mtu angeapa ni lile la kale lililokuwa kwenye kalenda ya marehemu baba yako.

Fundi: Ha! Na hakuna cha kale pale, mama. Bodi ya faiba tupu, imefinyangwa kwa kuiga. Koti la babu, moyo wa kijana! Injini ile ya kisasa ina nguvu mara tatu ya—

Mama: Na giaboksi?

Fundi: Ya kisasa vilevile. Gia sita.

Mama: Iliingia kwa hiari yake?

Fundi: Iligoma. Ni ndefu kuliko ile ya zamani kwa shubiri nzima. Ikabidi propela niikate, niifupishe, niichomelee upya.

Mama: Propela. Ule mchi wa chuma unaozunguka chini ya makalio ya watu.

Fundi: [anacheka] Huohuo.

Mama: Na zile boliti nne zinazoushika pale kwenye giaboksi. Ulizikaza?

Fundi: Mama jamani! Kazi nimeanza leo?

Mama: Sijakuuliza ulianza lini.

Fundi: Nilizikaza. Kwa ile spana ya kupimia, mpaka ikalia ‘ka!’

Mama: Ukapiga na mstari wa njano?

Fundi: —Haloo? Unakatika, mama.

Mama: Sikatiki. Baba yako alikuwa akikaza boliti anapiga mstari wa rangi, nusu kichwani mwa boliti, nusu kwenye chuma. Ikilegea, mstari unavunjika, hata kipofu anaona. Boliti isiyo na mstari haijakazwa, hata kama uliing'ata kwa meno. Ulipiga?

Fundi: Nilipiga.

Mama: Zote nne?

Fundi: Zote nne. Kwa kopo lilelile la marehemu.

Mama: Lile lililobaki moja, lenye alama ya kidole chake kifunikoni?

Fundi: Hilohilo.

Mama: Eti. Nami nimelitegesha hapa mlangoni upepo usiubamize. Uliliacha Jumapili, uliponiletea ngozi za kushonea. Kifuniko kimegandamana, nimejaribu hata kwa kijiko.

Fundi: Aa— hilo. Hapana, nilikuwa— nilitumia nyingine. Nyeupe.

Mama: Nyeupe.

Fundi: Rangi ni rangi, mama.

Mama: Kweli. Sasa nikuchekeshe. Daktari alipokuwa anajisifu hapa, nikadondosha sindano. Makusudi. Nikasema, ‘Samahani, daktari, sindano yangu imeingia uvunguni.’ Nikapiga magoti, mzima mzima na khanga yangu, nikachungulia kwa tochi ya simu.

Fundi: Mama—

Mama: Sikuona njano. Sikuona nyeupe. Nikaona boliti moja imetoa kichwa nje kama kobe anayeuliza kama mvua imekatika.

Fundi: Kwa nini hukumzuia?

Mama: Kwa magoti haya? Kushuka yanashuka, kupanda yanaomba kikao. Mpaka nimeshika ukuta nikasimama, keshaingiza gia, keshakata kona. Nikapiga kelele, lakini ile injini yako ya nguvu mara tatu ilinimeza. Ila sikio likasikia. Ko, ko, ko. Kila akibadili gia.

Fundi: Sikiliza, mama. Nilizikaza kwa vidole. Nilisema nikirudi kula nitazimalizia. Kurudi, nakuta daktari keshafika, keshakaa, keshawasha. Watu wamejaa hapa getini, wanapiga picha, wananiita injinia. Ningesemaje? ‘Shuka, sijakaza’?

Mama: Ndiyo. Maneno mawili tu.

Fundi: Haziwezi kutoka zote mara moja. Kwenye barabara tambarare—

Mama: Anaelekea mteremko wa kona saba. Kaniambia mwenyewe. Anataka kuona inavyoshika kona.

Fundi: Kesho nitamwita, nitamwambia nataka kubadilisha oili. Nizikaze kimyakimya, hata hajui.

Mama: Kesho.

Fundi: Kesho asubuhi na mapema.

Mama: Baba yako alisemaje juu ya propela ikiachia mbele?

Fundi: Mama, acha.

Mama: Alisema inachoma barabara, na gari linajirusha juu yake kama mtu aliyeukimbilia mkuki wake mwenyewe. Haya. Wewe ndiye injinia. Basi na mimi nisihangaike. Maana kiti cha pili kakaa mwanao.

Fundi: Nani?

Mama: Binti yako. Aliomba aonjeshwe gari la baba yake. Kafunga mtandio, kanipungia mkono—

Fundi: Mama unasema nini! Mama! [kitu cha chuma kinaanguka] Ufunguo— ufunguo wa pikipiki nimeuweka wapi—

Mama: Mpigie daktari kwanza.

Fundi: Hapokei akiwa kwenye usukani! Na gari halina paa, atasikia nini? Alisema atapitia njia panda kujaza mafuta. Nikikata nyuma ya soko namuwahi. Ufunguo! [anahema] Ee Mungu wangu, ufunguo—

Mama: Mfukoni. Huwa uko mfukoni.

Fundi: Ninao! Natoka, nakimbia—

Sauti ya msichana: Bibi, uzi mweusi umeuweka wapi?

Mama: [anaziba simu] Shh!

Fundi: Mama.

Mama: Bee.

Fundi: Hiyo sauti.

Mama: Sauti gani? Mtandao huo.

Fundi: Mtandao unaomba uzi mweusi? Mama! Mwanangu yupo hapo!

Mama: Yupo. Anapindia foronya. Nimekudanganya. Mimi na wewe leo sare, moja kwa moja.

Fundi: Oh. [anashusha pumzi ndefu] Oh, nashukuru Mungu.

Mama: Unashukuru nini?

Fundi: Si— si hivyo, mama.

Mama: Kiti cha pili kakaa mama yake daktari. Bibi mwenzangu. Mtoto daktari wa meno, mama hana hata jino la kusingizia! Alinicheka nilipoanza kupiga magoti, akanishika mkono kunipa pole. Akasema hajawahi kukalia kiti kilaini namna hii.

Fundi: Nimesikia.

Mama: Nyayo zako sizisikii. Ulikuwa unakimbia.

Fundi: Nakimbia, mama. Nilisimama tu kufunga kamba za viatu.

Mama: Yule naye ni mama wa mtu. Utamwambia ‘shuka, sijakaza’. Mbele ya watu wote wa pale kwenye mafuta.

Fundi: Nitamwambia.

Mama: Kelele zitakuwepo. Utatukanwa.

Fundi: Nimesema nitamwambia!

Mama: Haya, simu inanililia, salio linakata roho. Umefika wapi?

Fundi: Niko nyuma ya soko tayari. Nimewasha pikipiki, upepo huu hapa, sikusikii vizuri—

Mama: Upepo?

Fundi: Mkali, mama. Nakata simu, nisije nikaanguka—

Mama: Basi mbona kiti kinalia?