Watoto Niliowaficha Nyuma ya Pazia

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Naona wa viti vya nyuma mmeanza kusinzia, basi narudia: Bwana asifiwe sana! Haya, sasa tumeamka sote. Sitawachosha, maana hata miguu yangu hainiruhusu kusimama sana.

Juma lililopita katibu wetu alikuwa akijaza kadi za washirika wazee. Akaniuliza, "Shosho, ulikuwa ukifanya kazi gani?" Kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshaandika: mama wa nyumbani, hakuwa na kazi. Nikamwambia, "Binti yangu, futa hapo." Alicheka, akadhani namtania. Sikuwa na utani hata kidogo. Mimi niliwahi kuikana kazi yangu, ndugu zangu, na mtoto wa watu nusura afe kwa sababu hiyo. Ndiyo maana nimeomba nafasi leo.

Turudi mtaa wa Makongeni, miaka ya sabini ikielekea themanini. Mume wangu, Baba Njeri, alikuwa fundi kwenye karakana ya reli, nasi pamoja na Njeri wetu, aliyekuwa ameshaanza shule, tulikuwa na chumba kimoja na jiko dogo nyuma. Mliokulia huko mnakumbuka king'ora cha asubuhi. Kikilia tu, wanaume wote wako njiani na chupa zao za chai, na punde mtaa unabaki wetu sisi kina mama. Jamani, asubuhi zile! Maji yanagonga ndoo pale mferejini, redio ya jirani inaimba kwa nyumba nne nzima, uji wa wimbi unanukia kila mlango. Hakuna aliyefunga mlango mchana. Unga ukikuishia unapeleka bakuli kwa jirani na hakuna anayekusema. Nikikumbuka natamani kulia, na wala si kwa huzuni.

Wakati huo kina mama wengi walikuwa wameanza kuajiriwa kule kwenye viwanda. Waliniletea watoto wao niwalee mchana. Nilianza na mmoja, wakafika wanne. Mdogo wao alikuwa Mwende, binti wa mama mmoja Mkamba aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha biskuti. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu, mkimya, na macho makubwa yanayokufuata kila unapokwenda.

Sasa nisikilizeni niwaambie nilivyofanya kazi ile. Kila mama nilimwambia aniletee leso, ile kanga aliyolala nayo, na asiifue. Mtoto akishtuka usingizini ananusa mama yake, anarudi kulala. Hakuna aliyenifundisha hayo, niliyaona mwenyewe kwa kuwatazama watoto. Mama Mwende alipoambiwa alicheka sana, lakini kila Jumatatu alileta leso ambayo haijafuliwa. Nilijua nani anakohoa kwa sababu uji umempalia na nani ana homa inayokuja. Kila mwezi niliwapeleka kliniki wakapimwe uzito, na nesi alipokuwa akifundisha kina mama, nilikaa kwenye ile benchi mpaka neno la mwisho, wenzangu wakiwa wameshakwenda zao sokoni.

Lakini niliona aibu! Ndugu zangu, niliona aibu kubwa!

Tulikuwa na ushirika wa kina mama, kila Alhamisi mchana, nyumba kwa nyumba. Kila mmoja alisimama akajitambulisha. Huyu mwalimu, huyu nesi, huyu anapiga chapa ofisini. Kiongozi wetu alikuwa Mama Grace, mke wa karani, mwanamke wa kofia na sauti. Siku moja, kabla sijajitambulisha, nilimsikia akimsema dada mmoja asiyekuwepo: "Yule? Huwa hafanyi kitu. Hukaa tu na watoto wa watu kama yaya." Wakacheka. Na mimi nikacheka! Zamu yangu ilipofika nikasimama nikasema, "Naitwa Mama Njeri, nimeokoka, na mimi ni fundi wa kushona nguo."

Kuokoka na uongo kwa pumzi moja!

Cherehani nilikuwa nayo, hilo ni kweli. Wifi yangu alituachia mbovu, haina sindano wala mkanda. Niliisugua ikang'aa, nikaitandikia kitambaa nilichofuma kwa mkono, nikaiweka pembeni mtu aione akiingia. Baba Njeri aliniuliza, "Hii nayo itashona nini?" Nikamwambia anyamaze anywe chai.

Hatimaye Alhamisi ikawa ya kwangu, na jirani niliyezoea kumwachia watoto saa za ushirika alikuwa amesafiri. Niliosha nyumba mpaka sakafu ikateleza. Kitanda kilikuwa nyuma ya pazia, kama nyumba zote za chumba kimoja. Nikawanywesha watoto uji mapema, nikawalaza wanne wote pale kitandani, kila mmoja na leso yake, nikavuta pazia. Nilijua watalala saa mbili nzima. Kisha nikakusanya kila kitu kisichopendeza nikakisukuma chini ya kitanda: sufuria nyeusi, stovu, na chupa ya soda niliyotilia mafuta ya taa. Siku zote chupa ile ilikaa juu, mahali ambapo hakuna mtoto anayefika. Siku hiyo niliishusha kwa mkono wangu mwenyewe, wageni wasiione.

Kina mama wakaja. Walisifu kitambaa cha cherehani. Mama Grace akasema nitawashonea sare za ushirika, nami nikaitikia amina! Tukaanza kuimba.

Katikati ya wimbo nikasikia kikohozi nyuma ya pazia.

Kilikuwa cha Mwende, nilikijua. Na nilijua pia kwamba si cha uji wala si cha homa, kwa maana sikuwahi kumsikia akikohoa hivyo. Ndugu zangu, mnajua nilifanya nini? Niliongeza sauti! Niliimba kwa nguvu, nikapiga makofi, ili wenzangu wasisikie mtoto. Niliimba ubeti mzima namna hiyo. Nimetubu, nimesamehewa, lakini ubeti ule sijauimba tena mpaka leo.

Halafu harufu ya mafuta ya taa ikanifikia. Sikumaliza wimbo. Nililivuta lile pazia likaanguka na kamba yake. Watatu walikuwa bado wamelala. Mwende alikuwa ameketi chini, chupa imemwagika mapajani mwake, anakohoa na machozi yanamtoka. Alikuwa ameamka na kiu.

"Ngai, Mungu wangu! Hawa watoto wote ni wa nani?" Mama Grace akapiga kelele.

Wote wakasema kwa pamoja. Huyu, "Mpe maziwa!" Yule, "Mtie kidole atapike, haraka!" Mmoja alikuwa ameshamshika mtoto kidevu. Nami nilikumbuka ile benchi ya kliniki. Nesi alikuwa ametuambia zaidi ya mara moja: aliyekunywa mafuta ya taa hatapishwi, maana yakipanda yataingia kifuani. Nikampokonya mtoto. "Msimguse! Hatapishwi na hapewi kitu! Mama Grace, kaa na hawa watatu mpaka nirudi!" Mimi, kumwamuru Mama Grace! Akaketi.

Nilimvua Mwende nguo iliyolowa, nikamfunga kwa leso ya mama yake, nikatoka mbio bila viatu. Zahanati haikuwa mbali lakini siku hiyo niliona haifikiki. Nilikuwa nikimwambia Mungu jambo moja tu: usimchukue, nichukue mimi niliyemficha.

Nesi alimpokea, akaniuliza, "Wewe ni mama yake?"

"Hapana."

"Ni jirani tu?"

Mlango wa kutokea ulikuwa huo. Ningesema ndiyo, jirani tu, na uongo wangu ungeendelea kuishi. Lakini niliona kwamba jirani tu hataulizwa kitu, na huyu mtoto alihitaji mtu wa kumsemea. Bwana akanifungua kinywa! Nikasema, "Mimi ndiye mlezi wake. Kulea watoto ndiyo kazi yangu."

Yule nesi hakucheka. Alivuta karatasi. Amekunywa lini? Kiasi gani? Ametapika? Alikula nini mara ya mwisho? Uzito wake? Nilijibu yote bila kusita, hata uzito wa mwezi ule na wa mwezi uliotangulia, naye akaandika kila neno. Kisha wakamkimbiza hospitali kubwa, na mimi naye.

Mama Mwende alikuja moja kwa moja kutoka kiwandani, unga wa biskuti ungali kwenye mikono yake. Sikumngoja aniulize. Nilimwambia yote pale kwenye korido: wageni, pazia, chupa, hata wimbo. Nikamwambia, "Nilimwonea mtoto wako aibu." Alinitazama mpaka nikainamisha kichwa. Akasema tu, "Nenda nyumbani, Mama Njeri." Akaingia wodini.

Jumapili nilisimama kanisani nikaungama. Nilisema sijui kushona hata kifungo. Nilisema mimi ni mlezi wa watoto, na kwamba nimemkosea Mungu kwa kuona haya kazi aliyonipa. Nilipoketi nilihisi nimetua mzigo niliobeba miaka. Mama Grace alilia. Baadaye alinijia nje, akaniambia, "Nilisema vibaya siku ile. Mimi nilikaa na wale watatu mpaka jioni nikataka kukimbia!" Tukacheka kwa machozi.

Cherehani nilimrudishia wifi yangu. Mahali pake Baba Njeri akapigilia rafu juu kabisa ukutani, ya mafuta ya taa na dawa. Lakini msidhani mambo yalirudi siku hiyo hiyo. Wale mama wengine watatu niliwaambia ukweli mmoja mmoja, nao wakapeleka watoto kwingine. Sikuwalaumu. King'ora kililia asubuhi, mtaa ukatoka, nami nikabaki na sufuria ya uji ambao hakuna wa kuunywa. Niliupika tu, mikono ilikuwa imezoea. Juma zima hivyo, ndugu zangu. Nilijiambia, sasa umesema kazi yako ni nini, na kazi yenyewe imekwisha.

Ikafika Jumatatu nyingine. King'ora hakijalia nikasikia hodi. Ni Mama Mwende, mtoto mgongoni. Hakuingia. Aliuliza, "Mafuta ya taa yako wapi?" Nikamwonyesha ile rafu. Akaitazama, akaingia, akainua mkono kuona kama hata yeye anaifikia. Hakuifikia.

Akasema, "Daktari aliniambia mtoto alipona kwa sababu hakutapishwa. Akaniuliza nani alimleta, nikamwambia mlezi wake." Akaanza kufungua mbeleko. "Lakini ukimficha tena, Mama Njeri, hutaniona."

"Sitamficha."

Akamshusha Mwende. Mtoto yule akaja moja kwa moja mpaka kwenye sufuria ya uji! Nililia, sikujizuia. Mama yake alikuwa ameshafika mlangoni, king'ora kinalia, amechelewa. Akageuka, akatoa kitu kwenye kikapu akaniwekea mkononi.

"Leso," akasema. "Sijaifua."

Namshukuru Mungu wangu aliyenitoa nyuma ya pazia! Maana ni mimi niliyekuwa huko hata kuliko wale watoto. Nililea miaka mingi baada ya hapo, mlango wazi, na wengine wenu hapa niliwafuta makamasi, msijifanye hamnijui. Na wewe dada uliyeketi hapa, unayelea watoto wa watu na ukiulizwa unasema unakaa tu nyumbani, mwamini Bwana na uitaje kazi yako. Hatakuaibisha. Mimi kadi yangu imeshaandikwa upya. Nilisimama pale mpaka katibu akamaliza, nikaisoma kwa miwani yangu: Kazi, mlezi wa watoto.

Bwana asifiwe!