Fundi wa Baba Krismasi

FUNDI: Haloo? Nani mwenzangu? Namba siijui hii.

NESI: Ni mimi, wifi yako. Natumia simu ya mwenzangu hapa wodini, yangu imezima chaji. Hujambo?

FUNDI: Sijambo, wifi. Ngoja nisimamishe cherehani. (cherehani inanyamaza) Haya. Za kazi?

NESI: Nzuri. Niko mapumziko ya chai, nina dakika kumi tu. Pini yuko hapo?

FUNDI: Yuko uani na wenzake. Binti yangu kafanya nini tena?

NESI: Asisikie. Funga mlango.

FUNDI: Mlango wa chumba hiki nikiufunga, uzi siuoni. Sema, simu nimeibana sikioni.

NESI: Ni habari ya juzi Jumapili, aliposhinda kwangu. Umeshasikia.

FUNDI: Nimesikia nusu. Nusu nyingine nilikuwa naingoja kwako.

NESI: Nilimpa simu aangalie picha. Akaikuta ile ya Krismasi ya mwaka jana, hapo uani kwenu, Baba Krismasi kasimama na watoto. Basi mwanangu mkubwa, Profesa—

FUNDI: Huyo Profesa wako ana miaka tisa na hakuna asilolijua.

NESI: Profesa akasema huyo si Baba Krismasi, huyo ni muuza nyama wa pale kona.

FUNDI: Kajuaje?

NESI: Kila zawadi anaipima kwa mkono kabla ya kuitoa. Hata pichani kaishika hivyo, kama robo kilo.

FUNDI: (anacheka) Yule bwana nilimwambia. Nilimwambia, zawadi hazipimwi, toa tu. Mwaka jana nusura amuulize mtoto, mfupa niweke nisiweke.

NESI: Wifi, mimi sicheki.

FUNDI: Nakuchekea mimi. Endelea.

NESI: Sasa Pini, badala ya kulia, akaivuta ile picha ikawa kubwa. Akalikagua koti. Akasema, koti limefungwa vifungo upande wa kike.

FUNDI: Upande wa kike?

NESI: Akasema, nguo ya kiume inafungwa kule, huyu kafungia huku, na fundi anayefanya hivyo ni mama yangu peke yake.

FUNDI: Miaka kumi na mbili nashona magauni, wifi. Koti lile nililikata kwenye pazia jekundu, wateja wamenijaa mlangoni, mkono ukaenda wenyewe. Nilipokuja kushtuka matundu ya vifungo yameshatobolewa. Nikasema, nani ataangalia?

NESI: Mtoto anayeshinda chini ya meza yako akikupangia vifungo.

FUNDI: Huyo nilimsahau.

NESI: Akarudi nyumbani akakuuliza.

FUNDI: Akaniuliza. Mama, koti la Baba Krismasi kashona nani? Nikamwambia mimi.

NESI: Hapo ndipo ungeishia.

FUNDI: Ningeishiaje hapo na macho kanikodolea vile? Nikamwambia Baba Krismasi anazunguka sana, nguo zinamchakaa, kila mahali ana fundi wake. Hapa kwetu fundi wake ni mimi.

NESI: Wifi jamani.

FUNDI: Akaenda kuwatangazia uani. Tangu jana nina watoto tisa mlangoni, foleni kama ya maji. Mmoja anauliza Baba Krismasi anavaa saizi gani. Mwingine kaokota kifungo huko anakokujua, kanipa nikiweke kwenye koti. Na mama zao wako nyuma, wanajua kila kitu, wamebana midomo. Yule wa chumba cha tatu, unamjua, ukimnong'oneza neno asubuhi unalikuta bombani mchana? Hata yeye kanyamaza. Nilidhani anaumwa.

NESI: Sasa Jumamosi, siku ya Krismasi, wote hao watakuwepo, na Profesa atasimama katikati yao aniulize. Ameshaniambia. Mama, wewe huwa hudanganyi, sema mbele ya Pini. Nami nikamwahidi.

FUNDI: Ulimwahidi nini?

NESI: Kwamba Krismasi asubuhi, kabla muuza nyama hajaja, nitamkalisha Pini nimweleze ukweli. Kwa upole.

FUNDI: Hutamkalisha.

NESI: Nisikilize kwan—

FUNDI: Hutamkalisha, wifi. Kwenye uwanja wangu, kwenye mkeka wangu, hutamkalisha mwanangu.

NESI: Mimi wodini sidanganyi mgonjwa. Nije kumdanganya mtoto wa kaka yangu?

FUNDI: Wodini unawaambia watoto sindano haiumi.

NESI: Hiyo ni—

FUNDI: Ni nini?

NESI: (mtandao unakwaruza) ...fauti.

FUNDI: Sikupati.

NESI: Nasema ni tofauti. Sindano analia kidogo, inaisha. Hili la kwako haliishi. Unamfundisha kukaa mlangoni kumngoja mtu. Ana miaka sita tu. Atamngoja mpaka lini?

FUNDI: Mpaka Jumamosi saa nne asubuhi. Hachelewi.

NESI: Hujanielewa.

FUNDI: Basi nieleweshe.

NESI: Jumapili alikuja na vile viatu vipya kwenye mfuko. Nikamwambia vivae, unavibeba vya nini? Akasema havivai mpaka Krismasi, baba yake akishuka kwenye gari avione.

FUNDI: Ndiyo. Baba yake kasema safari hii anakuja. Ulikuwepo aliposema.

NESI: Nilikuwepo.

FUNDI: Mwaka jana pia alisema.

NESI: Mwaka jana pia nilikuwepo.

(Watoto wanasikika uani kwa mbali.)

FUNDI: Haloo?

NESI: Nipo.

FUNDI: Kaka yako amekupigia.

NESI: Wifi—

FUNDI: Lini?

NESI: Ijumaa.

FUNDI: Leo Jumanne. Jumapili mwanangu kashinda kwako, umemlisha, umemsuka nywele, na ulikuwa unajua.

NESI: Alisema atakwambia mwenyewe. Kila siku namuuliza, umeshamwambia? Ananijibu kesho.

FUNDI: Hajapiga.

NESI: Najua kwamba hajapiga.

FUNDI: Kisingizio ni kazi?

NESI: Kazi. Usinichimbe zaidi, wifi. Mimi ni dada yake.

FUNDI: Sikuchimbi.

(Cherehani inalia mara moja, inanyamaza.)

NESI: Ndiyo maana nikafikiri... Jumamosi atakuwa anangoja watu wawili. Mtoto mdogo vile. Nikaona heri mmoja nimwondoe mapema.

FUNDI: Kwa hiyo ukawatazama wote wawili, ukamchagua wa kumwondoa, ukamwondoa yule anayekuja.

(Zinasikika kelele za wodini tu.)

FUNDI: Umekatika?

NESI: Sijakatika.

FUNDI: Sasa nisikilize wewe. Habari ya baba yake nitampa mimi, leo hii. Nitampakata nimwambie, baba haji. Akitaka kulia atalia mpaka atosheke, na viatu nitamvalisha, niende naye mpaka mwisho wa mtaa avichafue. Hilo simfichi. Lakini huyu mwingine msimguse. Huyu namjua mabega, namjua urefu wa mkono, tumbo lake ni mto wa kitandani kwangu. Huyu nikisema saa nne, ni saa nne. Mtoto wangu hatakosa wote wawili siku moja.

NESI: Na Profesa? Nimeshaahidi ukweli.

FUNDI: Ukweli Pini ataupata leo, tena ule mzito. Mmoja kwa wiki unamtosha.

NESI: Muuza nyama keshajulikana lakini. Akitokea tu, Profesa atamtaja kwa jina.

FUNDI: Muuza nyama nimeshampumzisha. Natafuta mtu mwingine. Mtu ambaye hakuna mtoto atakayemdhania.

NESI: Kama nani?

FUNDI: Kama mtu ambaye huwa hadanganyi.

NESI: Hapana.

FUNDI: Mna urefu mmoja wewe na yule bwana.

NESI: Hapana, wifi. Watoto wangu wataniuliza nilikuwa wapi.

FUNDI: Omba zamu ya asubuhi, uwaage unakwenda kazini, na uende kweli. Saa nne kasoro uchomoke, uingilie kwangu kwa mlango wa nyuma.

NESI: Na Profesa akiuliza swali lake?

FUNDI: Atamuuliza nani? Mama yake yuko wodini. Mbele yake kuna mzee wa ndevu.

NESI: (anacheka kidogo, anajizuia) Sauti yangu ataijua.

FUNDI: Usiseme. Baba Krismasi kachoka na safari, anaitikia kwa kichwa. Na zawadi ukipewa, usiipapase kama mshipa.

NESI: Nitafukuzwa kazi mimi... Subiri. (sauti nyingine kwa mbali) Naam, namalizia. Wifi, mwenye simu anaidai, na salio limebaki kiduchu. Nitaomba hiyo zamu.

FUNDI: Omba leo.

NESI: Leo. Na kaka yangu? Akinipigia nimwambie nini?

FUNDI: Mwambie nimeshajua. Asihangaike kutafuta maneno.

NESI: Anasema Krismasi atapiga aongee na mtoto.

FUNDI: Asipige siku hiyo.

NESI: Ni baba yake, wifi.

FUNDI: Ni baba yake. Apige Jumapili, simu nitampa mtoto, sitamnyima. Jumamosi asipige. Mwambie siku hiyo tuna mgeni.

NESI: Nitamwambia. Haya, wifi, wasalimie wote hapo u—

(Salio limekwisha.)