Vitanzi vya Bibi Mwantumu

Sijapata kumwambia mtu jambo hili: yule mtoto aliyekonda bwenini mwaka juzi hakukonda hata kidogo. Ni mimi.

Bibi Mwantumu binti Mhina anastaafu tarehe 30 Juni 1913, baada ya kulea bweni letu la wasichana hapa Korogwe kwa miaka kumi na minne. Alipofika kutoka Kwaluguru alikuta shule ina daftari la majembe na daftari la madawati, ila la matumbo ya watoto hakuna. Akampima kila mtoto kiuno kwa uzi wa mkonge, akaufunga kitanzi, akakitundika kwenye msumari wa mtoto huyo. Tangu hapo, kila mwezi unapoandama, tunavaa vitanzi vyetu. Kikibana, Bibi hucheka na kufunga kipya. Kikilegea, mpishi wetu Mzee Mbwana hutafuta pa kujificha.

Mkaguzi Mjerumani alipokuja kuuliza tunalishwaje, Bibi alimpima naye.

"Wewe, Bwana, umeshiba," alimwambia. "Sasa watazame hawa."

Wasichana wakubwa wanasema mkaguzi alivuta tumbo ndani mpaka akawa mwekundu.

Mtoto ambaye kitanzi chake kimelegea haendi kulima. Hukaa jikoni akila. Nami nilikuwa na kitabu nilichotaka kukimaliza. Nikabadilisha kitanzi changu na cha Dorkasi, ambaye ni mnene, bila yeye kujua. Siku ya kupimwa, kitanzi kilinishuka mpaka miguuni.

"Mbwana! Mtoto ameyeyuka!" Bibi alipiga kelele.

"Wallahi, huyu anakula kama nzige!" Mzee Mbwana alijitetea, mwiko mkononi.

Nilishindiliwa makande wiki mbili, Bibi akinitazama kila kijiko. Kitabu sikukifungua. Naye Dorkasi, ambaye kitanzi changu kilimkwama mapajani, alidhaniwa ananilia chakula, akahamishiwa mkeka wa peke yake wakati wa kula.

Juzi Bibi aliwaambia walimu hataki karamu ya kuagwa, kwa kuwa mtoto mmoja alikonda mikononi mwake.

Bibi, hakuna aliyekonda. Ahsante kwa kila kitanzi kipya ulichotufungia. Ufike Kwaluguru salama, ule vizuri, na cha kwako kibane kila mwezi.

Hayo niliyaandika jana. Leo asubuhi, kabla ya kunakili karatasi hii ya kumuaga Bibi, nilikwenda chumbani kwake nikamweleza yote. Alinipima, akanipima tena, akasema karamu iwepo. Kisha nilimwomba Dorkasi radhi mbele ya bweni zima. Halafu nikaenda jikoni kwa Mzee Mbwana, nikaeleza upya, naye akanipa gunia la ndizi za karamu nimenye. Nimefika nusu.