Vazi Lisilo na Mlango

Wewe unayenyanyua nyusi kabla sijafika popote, zishushe. Kama huamini kwamba msichana mzima, mwenye akili zake, aligandishwa ndani ya nguo yake mwenyewe mchana kweupe, mbele ya wanaume watatu walioshika vikombe vya kahawa, basi hujawahi kukaa kijiweni. Ungekaa, ungejua kwamba wanaume watatu na birika moja la kahawa hawashindwi kuharibu kitu. Tulia, usinikatize.

Kijiwe chenyewe kilikuwa ndani ya karakana ya Cheche, mchomeleaji wa mageti na madirisha. Benchi lilikuwa ubao wa mlango uliokataliwa na mteja, umelazwa juu ya madebe mawili ya rangi. Mlango wa karakana ulikuwa wa chuma, kazi ya Cheche mwenyewe, na kwa ndani haukuwa na kitasa; mwaka wa pili huo alikuwa anasema atakiweka kesho. Kwa hiyo ulizuiliwa kwa jiwe, maana ukijifunga hufunguliwa kwa nje tu. Wenye benchi walikuwa watatu: Cheche, Redio, fundi wa redio na simu, ambaye hakuna aliyewahi kupata swichi ya kumzimia, na Afande, aliyelinda ghala la sabuni miaka ishirini na mitano, akastaafu na filimbi yake na maoni yake. Kahawa ilikuwa ya Bibi Mikanda, mshona mabegi wa chumba cha jirani. Alikuja saa nne na birika lake, mkasi ukining'inia shingoni kwa kamba, akaketi kwenye kigoda chake pembeni. Mtu akishakunywa kahawa yako, hawezi kukunyima nafasi ya kusema.

Siku hiyo walikuwa na la kusema. Katikati ya karakana alisimama mjukuu wake Bibi Mikanda, mchora mabango ya maduka, amevaa vazi la nahodha wa chombo cha angani. Kikundi cha maigizo cha ukumbi wa ng'ambo ya barabara kilikuwa kinaandaa mchezo wa watu wanaohamia sayari nyingine, na kilitaka fundi mmoja wa kutengeneza mavazi yote. Saa tano msimamizi wa jukwaa angefika kulikagua hili la kwanza. Likikubalika, mjukuu anaagana na mabango. Likikataliwa, anarudi kuchora vichwa vya ng'ombe kwenye kuta za bucha, na alikuwa amekwisha kuchora ng'ombe wa kumtosha.

Bibi Mikanda alilitazama vazi lile kuanzia mabegani hadi miguuni. Aliiona kazi. Majuma matatu yule binti hakulala usingizi wa kueleweka. Alianza kwa kuvaa fulana kuukuu na kuzungushiwa utepe wa gundi kiwiliwili chote kama kifurushi cha posta, akachora mistari juu yake. Bibi akaukata utepe ubavuni kwa mkasi, binti akatoka, na lile ganda likawa ramani yake. Kisha akanunua mikeka ya sponji ngumu, ile ya kutandika sakafuni watu wakifanya mazoezi. Akaikata kwa kisu, akaipasha moto kwa kikausha nywele mpaka ikapinda ikawa bega, ikawa kifua, ikawa goti. Akaiunga kwa gundi ya viatu. Akaipaka rangi ya fedha, halafu akapaka nyeusi na kuifuta kwa kitambaa, ikabaki kwenye mikunjo, vazi likawa kama limepigana vita vitatu. Kwa macho lilikuwa chuma. Kwa mkono lilikuwa ndala.

Bibi alikuwa amejitolea kumshonea mikanda ya kufungia ubavuni. Binti akakataa.

— Hapana, Bibi. Ukiweka sindano yako humo, watasema umelishona wewe.

Bibi akairudisha sindano mfukoni. Hata yeye, umri ule, angejibu hivyo hivyo, tena kwa ukali zaidi.

— Mnaona kazi? Cheche alisema, akilizunguka vazi na kikombe mkononi. Ule mwanya wa ubavuni ulikuwa aibu. Fulana inachungulia! Nimepaka gundi kulia, nimepaka kushoto, nimebana dakika kumi. Sasa hapiti hata sisimizi.

— Umepaka gundi yeye akiwa ndani? Bibi aliuliza.

— Ningepaka akiwa nje, kipimo si kingepotea?

— Cheche, wewe kazi yako madirisha.

— Ni kitu kile kile, Bibi. Fremu ni fremu.

— Nilimruhusu mimi, Bibi, mjukuu akasema. Mwanya ulikuwa unaonekana, na saa inakimbia.

— Sawa. Kaa kidogo, upumzike.

— Siwezi kukaa.

— Na asikae! Afande akadakia. Askari wa angani hakai. Atakaa wapi? Kule hakuna chini.

— Hakuna chini? Bibi akamkazia macho. Na huko wanakohamia wanakwenda kuning'inia?

— Ni mambo ya kitaalamu hayo, Bibi. Mimi nimelinda ghala miaka ishirini na mitano, nikikaa ni siku ya mshahara. Tazama nidhamu. Binti, kulia... geuka!

Akapuliza filimbi. Mjukuu akageuka mzima mzima, kichwa, kiwiliwili na miguu pamoja, kama kabati linalohamishwa na watu wawili.

— Umeona? Haukunjiki hata ukucha, Afande akasema kwa fahari.

— Bibi, mjukuu akanong'ona, nikune pua. Mkono haufiki.

Bibi akainuka akamkuna pua. Akarudi kwenye kigoda chake.

— Nyie mnaangalia ganda tu, Redio alisema, mnasahau roho. Roho ni ile taa ya kifuani, niliyoifunga mimi. Mnajua inakula umeme gani?

— Betri, Cheche akasema.

— Betri ya kuanzia tu, kaka. Baada ya hapo inakula jasho. Jasho lina chumvi, chumvi ina umeme. Binti akitembea jukwaani nusu saa, anaweza kuchaji simu za safu nzima ya mbele.

— Na safu ya nyuma? Bibi akauliza.

— Hao waje na chaji zao.

— Nami niwaambie siri ya gundi, Cheche akasema, maana hakupenda kuachwa nyuma. Gundi hii inajua. Mwili ukipata moto, inalegea, ukipoa, inakamata. Kwa hiyo vazi linapumua na mwenyewe. Baada ya mwezi litakuwa linamtambua.

— Mwezi? Redio akacheka. Wewe unafikiria karibu. Watu wa angani wenyewe hawavai. Wanazaliwa nalo dogo, wanakua nalo, kama kucha. Mtoto akienda shule, vazi nalo linapata darasa lake.

— Na akifeli, Bibi akasema, linarudia vazi au anarudia mtoto?

Redio akakiinua kikombe. Akanywa kahawa.

Hapo ndipo akaingia mwanamke mmoja wa makamo, viatu bapa, mfuko wa kitambaa begani, kipande cha chaki nyuma ya sikio. Akaamkia, Cheche akamsogezea nafasi kwenye benchi.

— Karibu, mama. Geti au dirisha?

— Kahawa kwanza, kama ipo.

Bibi akammiminia. Mgeni akanywa taratibu, akimtazama mjukuu. Akainuka akapitisha kidole kwenye bega, akagonga kifua kwa kucha, akachungulia ule mweusi wa kwenye mikunjo.

— Rangi hii nani kaipaka?

— Mimi, mjukuu akasema.

— Na haya mabega?

— Mimi.

— Ila ubavu ni wangu, Cheche akawahi.

— Taa ni yangu, Redio akasema.

— Mafunzo ni yangu, akasema Afande, akaigusa filimbi yake.

Mgeni akaangalia ubavu wa kulia. Akazunguka, akaangalia wa kushoto. Akaangalia mgongo. Akainama akaangalia kiuno, kisha akasimama wima, akauliza kwa upole kabisa:

— Analivuaje?

Cheche alimtazama Redio. Redio alimtazama Afande. Afande alitazama ndani ya kikombe chake, kana kwamba jibu lilikuwa limezama kwenye machicha.

— Kwa kawaida... Afande akaanza.

— Kwani lazima avue? Redio akauliza.

— Lazima, mgeni akasema. Onyesho la tatu nahodha anatua, anavua vazi, anashika jembe. Mpiga gita ana wimbo wa dakika mbili. Wimbo ukiisha na nahodha bado yumo humo, mchezo wangu umekufa.

Mchezo wangu. Ndipo wote wakajua ni nani aliyekaa nao.

— Mama, Cheche akasema, na sauti yake ilikuwa imepungua nusu. Mimi ni mtu wa madirisha. Dirisha... halivuliwi.

Jasho lilimtiririka mjukuu kwenye paji la uso. Aliinua mikono aifikie mbavu zake, mikono ikagoma kwenye viwiko. Bibi Mikanda aliona lile paji, akaona majuma matatu juu yake. Mkasi ulikuwa shingoni kwake. Angeweza kuinuka akakata tu, kazi ya kupepesa macho, na angepajua pa kukata kwa sababu ndiye aliyelikata ganda la kwanza. Lakini alikumbuka alichoambiwa. Akabaki kwenye kigoda, akasubiri. Kusubiri hakukuwa tabia yake, na kulimwasha kuliko upele.

— Bibi, mjukuu akasema. Una mkasi?

— Ninao.

— Njoo uwe mikono yangu.

— Sema nikate wapi.

— Kushoto, kuanzia kwapani, shuka mpaka kiunoni. Usikate penye gundi, sponji itachanika. Rudi nyuma vidole viwili, kwenye mstari ule ule wa ganda la utepe.

Bibi akaingiza ncha ya mkasi.

— Hapa?

— Nyuma kidogo. Hapo. Kata.

Sponji ikakatika taratibu, unene wa kidole, mkasi ukilia kwa kila hatua. Cheche akafumba macho kama ndiye anayepasuliwa.

— Na kulia? Bibi akauliza alipofika kiunoni.

— Kulia paache. Kulia patakuwa bawaba.

— Bawaba! Cheche akafumbua macho. Hiyo naijua!

— Ungeijua saa moja iliyopita, Bibi akasema.

Mjukuu akavuta pumzi, akageuza bega, na kifua kikafunguka kama jani la mlango. Akatoka humo kwa upande, fulana imelowa, akaketi chini sakafuni kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Hakukaa sana.

— Bibi, vile vifungo vyako vya mabegi, vya kubofya. Nipe vitatu.

Bibi akatoa mfukoni mwa aproni. Alitoa vinne.

— Nimesema vitatu.

— Cha nne cha siku kimoja kitakapovunjika katikati ya wimbo.

Mjukuu akakichukua. Kutoka kwenye vipande vya sponji vilivyobaki alikata ukanda mrefu, akaubandika kwa ndani ukawa ulimi kama wa kiatu, mtu asione fulana. Vifungo akavificha chini ya ulimi. Gundi ya viatu inataka dakika kumi, na msimamizi alizinywa zote, kikombe baada ya kikombe, bila kuangalia saa wala mtu. Wanaume watatu hawakutoa hata nadharia moja. Redio alijaribu kukohoa, Bibi akamtazama.

— Vaa, msimamizi akasema.

Mjukuu akavaa. Tak, tak, tak. Ubavu ukafunga, na mwanya haukuonekana.

— Keti.

Akaketi kwenye benchi. Kifua kikapanda kidogo kufikia kidevu.

— Hapo nitapunguza, mjukuu akasema mwenyewe, kabla hajaambiwa. Vidole vitatu kiunoni. Nilijipima nimesimama.

— Vua.

Msimamizi akahesabu kwa sauti. Alifika kumi na tisa, na vazi lilikuwa limesimama peke yake kando ya mwenye nalo.

— Wazo la bawaba ni la nani?

Midomo mitatu ikafunguka pamoja.

— Langu, mjukuu akasema. Mkasi na vifungo ni vya Bibi.

Msimamizi akairudisha chaki nyuma ya sikio, maana ilikuwa imeteleza.

— Yamebaki mavazi kumi. Njoo ukumbini sasa hivi upime watu wangu. Na uwapime wamekaa.

Mjukuu akalibeba vazi kifuani kama anayebeba mtu aliyezirai. Alipofika mlangoni akageuka kumtazama Bibi. Bibi akamwonyesha barabara kwa kidevu: nenda, magari hayakungoji. Akaenda, na kicheko chake kikasikika mpaka ng'ambo.

Benchi likapata uhai papo hapo.

— Tuseme ukweli, Cheche akasema akinyoosha miguu. Bila gundi yangu, mkasi ungekata nini? Mimi ndiye niliyeleta tatizo, na bila tatizo hakuna suluhisho.

— Bawaba nilikuwa nayo kichwani, Redio akasema. Niliacha binti aifikie mwenyewe, kimalezi.

— Mimi niliposema kulia geuka, Afande akasema, kulia ndiko kuliko na bawaba. Mnadhani ni bahati?

— Lile la pili tutalifanya la chuma, Cheche akasema. Chuma chenyewe. Najua sasa inavyokwenda.

— Na injini mgongoni, Redio akasema. Ndogo tu.

— Bibi, Afande akanyoosha kikombe, tuongezee kidogo. Mambo ndiyo yanaanza.

Bibi Mikanda alilitikisa birika. Lilikuwa na kikombe kimoja bado, na kila mtu alikisikia kikicheza humo ndani.

— Imekwisha, akasema.

Akaning'iniza mkasi shingoni, akashika kigoda kwa mkono mmoja na birika kwa mwingine. Akalisukuma lile jiwe kwa mguu, akatoka, akafunga mlango.